Mtoto Alikuwa Mikononi mwa Nani?

Kila aliyesoma shule ya Jumapili anaikumbuka hukumu ya Mfalme Sulemani: wanawake wawili, mtoto mmoja, upanga mmoja. Mtoto wa pili hasimuliwi sana. Kesi ile ilizuka kwa sababu mmoja wa wanawake alimlalia mwanawe usiku, mtoto akafa, naye akaamka gizani akambadilisha kwa mtoto hai wa mwenzake. Sulemani alimtafuta mama wa aliye hai, akampata, na watu wakaishangaa hekima yake. Juu ya aliyekufa hakutoa neno. Hakuuliza kama mama yule alikuwa hoi kwa uchovu, kama alikuwa amelewa, kama kitanda kilikuwa chembamba. Hakusema ana kosa, wala hakusema hana.

Humkumbuka mtoto huyo kila redio inapotangaza kwamba polisi wanamshikilia mama, bibi au mama wa kambo kwa kifo cha mtoto aliyekuwa akimlea. Wasikilizaji hujibu haraka. Mkali atasema huyo si mtu, anyongwe. Mpole atasema ni mipango ya Mungu. Baina ya majibu hayo mawili kuna nafasi kubwa, na watu wa nchi hii wamewahi kuijaza kwa namna nyingi, baadhi za busara na baadhi za kutisha.

Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, inafaa kuzitazama namna hizo zikiwa zimekaa pamoja. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilipita katika bonde la Mkondoa, na Uislamu ukafuata njia hiyo. Wamisionari wa Kianglikana walifika Mamboya, Ukaguru, karibu na mwaka 1880. Wajerumani wakaleta boma na reli, Waingereza wakaleta kanuni za adhabu, na mashamba ya mkonge ya Kimamba yakaleta watu wa kila kabila. Chini ya hayo yote wako wenyeji: Wasagara, Wakaguru, Wavidunda. Kusini, Mikumi imekua juu ya barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia, ng'ambo ya hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964. Ni mji wa malori, nyumba za wageni na wauza chakula. Nyumba moja ya huko inaweza kuwa na bibi anayehesabu ukoo kwa upande wa mama, mkwe anayeswali swala tano, na binti aliyesomeshwa na masista. Mtoto akifa mikononi mwa mmoja wao, watatu hao hawatalaumu kwa kipimo kimoja. Na kabla hawajaelewana, askari ameshafika.

Tuanze na bibi. Kwa Wakaguru, mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Majirani zao Wasagara na Waluguru nao huhesabu vivyo hivyo. Thomas Beidelman, mwanaanthropolojia wa Kimarekani aliyefanya utafiti Ukaguru mwishoni mwa miaka ya 1950, aliandika kwa kirefu juu ya hali hii, ambamo baba ana heshima yake nyumbani, lakini katika mambo ya ukoo mwenye sauti ni mjomba. Ifuate hesabu hiyo hadi msibani. Baba akimpiga mwanawe hadi kumwua, amewaulia watu wengine mtu wao. Mjomba haji kulia tu, anakuja kudai. Lakini akiwa mama ndiye aliyesababisha kifo, dai linakosa pa kwenda. Aliyeua na aliyeuawa ni wa ukoo mmoja, na mbuzi hawezi kutoka zizini akarudi zizi lilelile yakaitwa malipo. Kinachobaki ni uchafu uliolipata kundi zima, unaotaka kusafishwa, na kazi ya namna hiyo ndiyo wanayoitiwa watani, kwa kuwa wao si wa damu ile na hawaogopi kugusa wasichokigusa wenye msiba.

Kwa mkwe anayeswali mambo yanapinduka. Waislamu wengi wa pwani na wa njia ya misafara hufuata madhehebu ya Shafii, na humo mzazi aliyemwua mwanawe haadhibiwi kwa kisasi. Wanazuoni wameieleza sababu kwamba mzazi ndiye chanzo cha mtoto kuwapo, basi mtoto asiwe chanzo cha mzazi kutokuwapo. Imam Malik hakuridhika nayo moja kwa moja. Kwake baba aliyemlaza mwanawe chini akamchinja hana kinga. Na hata kwa Mashafii kusalimika kwa shingo si kusafishwa kosa: muuaji anadaiwa dia, yaani fidia ya damu, hamrithi marehemu hata senti moja, na kafara iko juu yake.

Mwanamke wa Sulemani angesimama mbele ya kadhi wa Kishafii angepewa jibu alilolinyamazia mfalme. Kumlalia mtoto usingizini ni kuua kwa bahati mbaya. Hakuna kisasi, ila dia ipo, na hailipi yeye mwenyewe; wanaichanga jamaa zake wa kiume wa upande wa baba, wakiwamo kaka zake. Kaka zake ndio wajomba wa marehemu. Hapo ndipo mila hizi mbili zinapopishana mlangoni: mjomba yuleyule ambaye Ukaguru angekuja kudai, kwa sheria ya dini huenda ndiye anayetoa. Mtu wa Kilosa aliye Mkaguru na Mwislamu kwa pamoja, nao ni wengi, anabeba hesabu zote mbili, na huchagua kimyakimya ipi aifuate.

Dia haikusanywi tena Kilosa kwa njia ya mahakama, maana mauaji yaliondolewa kwa makadhi tangu enzi za wakoloni. Kafara haihitaji mahakama. Mwanamke aliyemlalia mtoto anaweza kwenda kwa sheikh, akaambiwa afunge miezi miwili mfululizo, akafunga. Naiona busara kubwa katika jambo hilo. Haitwi muuaji, wala haambiwi tu apoe kwa kuwa Mungu amependa. Anapewa kazi yenye mwanzo na mwisho, kazi inayokubali kwamba kitu kimetendeka na kwamba kimetendeka kupitia mwili wake. Kanisa la zamani la Ulaya nalo lilikuwa na toba ya kufunga kwa wazazi waliolalia watoto, kabla jambo hilo halijachukuliwa na serikali. Uingereza ya mwaka 1908 ilitunga kifungu kinachomtia hatiani mtu mzima aliyelala na mtoto chini ya miaka mitatu akiwa amelewa, mtoto akakosa pumzi. Kilevi kikawa mpaka baina ya ajali na uzembe. Ni mpaka mzuri, ingawa haumpi lolote la kufanya yule ambaye hakulewa.

Kuna upande wa mila ambao wazee wetu hawapendi kuusimulia. Richard Burton alipopita Uzaramo na Usagara mwaka 1857 aliandika kuhusu mtoto aliyetanguliza kuota meno ya juu, ambaye Waswahili humwita kigego. Wazaramo, kwa maelezo yake, walimwua, wakamtoa, au wakamwuza kwa mfanyabiashara wa watumwa, wakiamini ataleta maradhi na vifo nyumbani. Waswahili nao walimwua. Waarabu wa Unguja walisoma khitma, kisha wakamwapisha mtoto kwamba hatawadhuru walio karibu naye. Kama hajui kusema, akaitikia kwa kutikisa kichwa. Karne moja baadaye Beidelman alikuta Wakaguru bado wanakumbuka hofu ya namna hiyo juu ya mapacha na waliozaliwa kwa kutanguliza miguu, ambao zamani waliuawa.

Kwa macho ya leo ni rahisi kusema wale walikuwa wakatili, tukafunga ukurasa. Mimi naona jambo gumu zaidi. Mlezi aliyemwua kigego hakujiona mkosaji, alijiona mlinzi. Lawama yote ilikuwa imeshabebeshwa mtoto mwenyewe kabla ya mkono kumgusa. Qurani inaligeuza jambo hili inapomtaja mtoto wa kike aliyefukiwa hai, ambaye Siku ya Kiyama ataulizwa aliuawa kwa kosa gani: anayeulizwa ni yeye, lakini anayetetemeka kwa swali ni mwingine. Katika orodha ya Burton nampa heshima yangu Mwarabu wa Unguja. Hofu yake ilikuwa ileile ya jirani zake, lakini alitafuta njia ya kuishi nayo nyumba moja.

Tabia ya kumbebesha mtoto lawama haikufa na vigego. Miaka ya 1980 na 1990 yalizuka maneno ya meno ya plastiki: mtoto mwenye homa na kuhara alisemekana ana meno mabaya chini ya ufizi, akapelekwa kwa mtu wa kuyang'oa kwa chuma kisichochemshwa. Na mlezi anayechapa hadi kuua naye karibu kila mara huanza na sifa za mtoto: mwizi, mdokozi, mkojozi, ana pepo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imelijibu hilo kwa kusema hakuna kumrudi mtoto kunakokubalika kukiwa kumepita kiasi cha umri na hali yake, wala kwa mtoto ambaye ni mdogo mno kuelewa anarudiwa nini. Hapo mkojozi wa miaka mitatu anaondolewa kabisa katika mjadala.

Nimefika kwa serikali. Kanuni za Adhabu, Sura ya 16, zina kifungu cha 199, kwa namba ambayo mawakili wameizoea, kinachosema mwanamke akimwua mwanawe aliye chini ya miezi 12, hali akili yake haijatulia kutokana na kuzaa au kunyonyesha, hatahukumiwa kama aliyeua kwa kukusudia. Atahukumiwa kama aliyeua bila kukusudia, kosa ambalo adhabu yake ya juu ni kifungo cha maisha na halina kima cha chini. Kenya na Uganda zina vifungu ndugu yake. Mama yao wote yuko Uingereza. Huko, mwaka 1624, ilitungwa sheria ya kumnyonga mwanamke asiye na mume aliyeficha kifo cha mtoto wake mchanga, isipokuwa athibitishe kwamba mtoto alizaliwa akiwa amekufa. Wengi walioshtakiwa walikuwa watumishi wa ndani waliopachikwa mimba. Baadaye majaji walichoka kuwasomea wasichana hukumu ya kifo ambayo kila mtu barazani alijua haitatekelezwa, na ndipo Bunge likatunga sheria ya mwaka 1922, kisha ya 1938 iliyoweka miezi 12. Kifungu kilisafiri hadi kwetu bila historia yake. Kilitengenezwa kumwokoa mtumishi wa ndani wa London. Hapa kinamhusu mama aliyezaa tu.

Mama huyo anakihitaji, sibishi. Kichaa cha uzazi kipo, na wakunga wa Kilosa walikijua kabla ya madaktari. Ndiyo maana mzazi hakuachwa peke yake siku arobaini. Tatizo langu liko kwenye uzio. Mtoto akifika miezi 13 mlango umefungwa, hata kama mama hajalala vizuri tangu ajifungue.

Mwaka 1980 Mahakama ya Rufani, ikiwa na umri wa mwaka mmoja tu tangu iundwe, ilisikiliza rufaa ya mama wa Dar es Salaam aliyewanywesha watoto wake sumu, naye akanywa. Watoto watatu walikufa, yeye akapona. Utetezi wa ugonjwa wa akili haukukubaliwa, rufaa ikatupwa. Lakini majaji waliongeza maneno ambayo wanafunzi wa sheria wanayasoma hadi leo: kwamba wangekuwa na hiari wasingempa adhabu ya kifo, ila sheria ya mauaji haiwapi hiari hiyo, na wapo wengine ambao mikono yao haijafungwa, huenda wakapenda kuitazama adhabu ile. Mahakama ya juu ya nchi inakiri hadharani kwamba adhabu inayoitoa si ile inayoiona haki. Uganda iliondoa ulazima huo wa kifo kwa uamuzi wa mwaka 2009, Kenya mwaka 2017. Mahakama ya Afrika, inayokaa Arusha, ilisema mwaka 2019 kwamba ulazima huo wa Tanzania unavunja haki. Tangu katikati ya miaka ya 1990 hakuna aliyenyongwa nchini. Kwa vitendo, basi, mlezi aliyehukumiwa kufa haendi kitanzini. Anazeekea gerezani akisubiri kitu ambacho kila mtu anadhani hakitakuja. Nashindwa kuita hiyo huruma.

Chini zaidi katika Kanuni hizohizo kuna kifungu cha 206, ambacho hakijulikani mitaani na ambacho mimi nakiona bora kuliko cha 199. Kinasema mwenye kumtunza mtu asiyeweza kujitoa chini ya uangalizi wake, kwa umri, ugonjwa au sababu nyingine, ana wajibu wa kumpatia mahitaji ya uhai, na akishindwa atahesabiwa kuwa ndiye aliyesababisha madhara yanayofuata. Uangalizi huo unaweza kutokana na mkataba, au sheria, au kitendo chake mwenyewe cha kumchukua mtu huyo, kiwe cha halali au cha haramu. Hakuna damu humo. Ukoo wa mama uliuliza mtoto ni wa nani. Fiqhi iliuliza nani alikuwa chanzo cha kuzaliwa kwake. Kifungu cha 199 kinauliza nani alimzaa. Cha 206 peke yake kinauliza mtoto alikuwa mikononi mwa nani, nalo ndilo swali linalofanana na maisha ya watoto wa Morogoro.

Ushahidi wa kusikitisha ulitokea makao makuu ya mkoa wenyewe. Mwezi Mei 2014, katika manispaa ya Morogoro, majirani walitoa taarifa kwa viongozi wa mtaa, na mtoto wa kike wa miaka minne akakutwa akiishi ndani ya boksi katika chumba cha mama yake mkubwa. Mama mzazi alikuwa amefariki mtoto akiwa mchanga. Nchi nzima ilimfahamu kwa jina la mtoto wa boksi. Alipelekwa hospitali, akahamishiwa Muhimbili, akafa mwanzoni mwa Juni. Madaktari walitaja nimonia. Waliofikishwa mahakamani walikuwa watatu: mama mkubwa, mume wake, na baba mzazi wa mtoto. Kwanza ilikuwa kula njama na ukatili. Baada ya kifo shauri likageuka kuwa la mauaji.

Tazama nani ni nani. Mama mkubwa kwa hesabu zetu zote ni mama. Methali ya kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi imetufanya tumwogope mama wa kambo na kumwamini ndugu wa marehemu, na hapa ndugu wa marehemu ndiye aliyekuwa na boksi. Mume wake si damu ya mtoto hata kidogo, lakini chumba kilikuwa chake pia; alilipita boksi akienda kulala. Baba ndiye damu yenyewe, na hakuwa akiishi chumbani mle. Waendesha mashtaka waliweka majina matatu kwenye hati moja, na bila kujali kesi iliishia wapi, nadhani hapo walifanya jambo ambalo mila zetu zote zilishindwa kulifanya. Waliwauliza kwa pamoja mwenye mkono, mwenye chumba na mwenye damu. Wapangaji wenzao hawakuulizwa kwa njia ya jinai, ingawa Sheria ya Mtoto inamtaka mwanajamii yeyote mwenye ushahidi kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa serikali ya mtaa. Walitoa, mwishowe. Kikohozi cha mtoto kinapenya ukuta wa nyumba ya kupanga, nami sijui kama ningekuwa mpangaji mle ningekwenda kwa mjumbe siku ya kwanza au ya mwisho.

Nirudi Mikumi, ambako walezi hawana sura moja. Mama anauza chakula stendi hadi basi la mwisho lipite, au anakwenda kukata miwa kusini, Kidodi na Ruaha, msimu mzima. Mtoto anabaki kwa bibi, katika kijiji cha Ulaya au Zombo, au anabaki na dada wa kazi ambaye mwenyewe ni mtoto. Mtoto chini ya miaka 10 hawezi kutenda jinai kwa sheria yetu. Akipita miaka 12 hana tena kinga ya umri mdogo, isipokuwa adhabu ya kifo hapewi na kesi yake inaangaliwa kwa utaratibu wa watoto. Kwa hiyo dada wa miaka 13 aliyemsahau mtoto karibu na ndoo ya maji ya moto anahesabika kuwa na uangalizi. Bosi wake, aliyemwajiri kinyume cha sheria inayotaka umri wa miaka 14, anakuja mahakamani kama mfiwa na shahidi.

Lawama ya mtaani nayo ina mikono mirefu. Mtoto akikonda na kuhara, jirani anasema amebemendwa: mama amekutana na mwanamume kabla ya kumwachisha ziwa, au baba ametoka nje akarudi kumbeba. Ni dai la mauaji la aina yake, lisilo na polisi, na kwa haki yake linamgusa hata baba, jambo ambalo kifungu cha 199 hakijui. Ila matunda yake ni machungu. Mama anayeogopa kuambiwa kambemenda mwanawe haendi kliniki kupima uzito mbele ya watu. Lawama inayodai kumlinda mtoto inamnyima uji wa lishe.

Na kuna degedege, ambayo kwangu ndiyo kesi ngumu kuliko zote. Mtoto wa miaka miwili ana homa tangu jana. Alasiri macho yanapinduka, meno yanasagana, mikono inakakamaa. Bibi analijua jambo hili. Aliwaona wanawe wakilipata. Anajua pia, kwa imani iliyoenea maeneo mengi ya Tanzania, kwamba mtoto mwenye degedege akidungwa sindano anakufa. Anammwagia maji. Anaweka makaa kwenye kigae, juu yake kinyesi kikavu cha tembo, kitu ambacho Mikumi hakitafutwi mbali, anamfunika mtoto kanga pamoja na ule moshi, na kumshikilia hadi mtikisiko utulie. Unatulia, kama unavyotulia mara nyingi wenyewe. Usiku unarudi. Hiyo ni malaria imefika kwenye ubongo, na saa zile za moshi zilikuwa ndizo saa za dawa. Asubuhi mtoto hayupo.

Sheria ina pa kumweka bibi huyu: kuua bila kukusudia kwa uzembe wa kutotimiza wajibu wa kulinda uhai. Fiqhi ingemhoji kwanza kama mganga, kwa kuwa mtu anayetibu bila kujulikana kwa elimu ya tiba ana dhamana ya anachoharibu. Wenye kuamini uchawi watamtazama bibi kwa jicho jingine kabisa, na kwa kikongwe hilo linaweza kuwa jicho la hatari kuliko la polisi. Akikamatwa na kushtakiwa kwa mauaji, atapandishwa kizimbani Kilosa na kuambiwa hatakiwi kujibu lolote, kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza kesi ya mauaji. Kisha mahabusu, bila dhamana, hadi jalada lirudi kwa Mkurugenzi wa Mashtaka na Mahakama Kuu ipange kikao. Hata akishinda, atakuwa ameshatumikia.

Mimi nisingemshtaki. Kilichokosekana hapo si utunzaji. Alikesha, alimshika, alitumia kila alichonacho. Mkono wake ulikuwa juu ya mtoto wakati ambapo mikono mingine yote ilikuwa mbali: ya mama aliyekuwa shambani, ya baba asiyetuma kitu, ya mhudumu wa afya ambaye hakuwahi kufika kitongojini kueleza kwamba degedege inaweza kuwa malaria. Mama mkubwa wa Morogoro alikuwa na kila nafasi ya kulifungua boksi, siku baada ya siku, kwa miaka. Tofauti ya wawili hawa haimo katika damu, wala haimo katika ukubwa wa msiba. Imo katika kile ambacho kila mmoja angeweza kufanya na hakufanya.

Watu wa vijiji vile wanajua kuyapima hayo. Matanga yakikaribia kuvunjwa hufanyika kikao cha familia, wajomba upande mmoja, watu wa baba upande mwingine, na humo maswali ni ya kina kuliko ya kituoni: nani aliitwa, saa ngapi, kulikuwa na nauli ya bodaboda hadi hospitali, aliyeahidi kuituma aliituma? Zamani mambo ya kikao hicho yalikuwa na mlango wa kuingilia Mahakama Kuu, kupitia wazee wa baraza waliokaa na jaji katika kesi za mauaji. Marekebisho ya miaka ya karibuni yameufanya uwepo wao usiwe wa lazima, na kwa sababu za kueleweka, maana kesi nyingi ziliharibika rufani kwa makosa ya namna walivyoshirikishwa. Kilichobaki ni taarifa ya afisa ustawi wa jamii, akiitwa. Ningependa aitwe mapema, jalada likiwa bado kwa mpelelezi, na aende hadi Ulaya au Zombo akamsikilize mjomba na baba kabla jina la bibi halijaandikwa peke yake juu ya hati ya mashtaka.